JANI LA MBOGA NA NYAMA YA MOYO

Chukueni jani la mchicha mlitazame kwenye jua. Mnaiona mishipa? Mkubwa upo katikati, midogo inagawanyika mpaka inakuwa myembamba kama uzi. Mishipa ya damu mwilini mwetu nayo hugawanyika hivyo hivyo.

Nyama ya moyo ikifa kwa kukosa damu, haioti tena ya kutosha. Wataalamu wanatafuta njia ya kuotesha mpya. Lakini nyama ni kama nyumba ya udongo, haisimami bila fito. Tena nyama nene isiyo na mishipa hufa kwa ndani. Na kuunda mishipa myembamba namna ile ni kazi kubwa kweli kweli!

Mwaka 2017 wataalamu wa mji wa Worcester, Marekani, walichukua jani la spinachi, mboga ya ukoo mmoja na mchicha. Walipitisha dawa ya sabuni katika kikonyo chake mpaka chembe hai za mboga zikatoka zote. Likabaki jani jeupe, mishipa imo. Wakajaribu kupitisha humo punje ndogo kama chembe nyekundu za damu. Zikapita.

Kisha wakapanda juu yake chembe za moyo wa mtu. Hizo zilitokana na chembe shina, yaani chembe changa ziwezazo kugeuka kuwa nyama ya namna nyingi. Basi, zikaanza kudunda! Zilidunda hata kufika siku ya 21.

Tusidanganyane, lilikuwa jaribio la maabara tu. Kula spinachi hakuponyi moyo uliokufa nyama. Ukuta wa moyo ni mnene, jani ni jembamba, ndiyo maana walifikiria kupanga majani kadhaa, moja juu ya jingine.