Rangi ya sakafu ya saruji: anza na udongo wa kwako

Ukichoka rangi ya ukuta, fundi anakuja na ndoo mbili na kesho yake sebule ni mpya. Sakafu ya saruji ya rangi haibadilishwi hivyo. Rangi imechanganywa ndani ya saruji yenyewe, na atakayeichukia baadaye itambidi aivunje au aifunike kwa vigae. Kwa hiyo amua kwa utulivu kabla hujamwita fundi, na uanzie nje ya mlango wako, siyo kwenye picha za simu.

Tazama kwanza vumbi linaloganda kwenye viatu vyako. Ukiishi Bukoba au penginepo penye udongo mwekundu, uwanja wa rangi ya maziwa utakuwa na madoa kila mvua inapopita, nawe utasugua hadi uchoke. Nyekundu iliyoiva au kahawia inalimeza vumbi hilo. Pwani mambo hugeuka: mchanga ni mweupe, na kwenye sakafu nyeusi kila unyayo unaonekana. Huko kijivu, rangi ya mchanga au njano iliyopoa hukaa vizuri zaidi. Kwa jumla, rangi za katikati huficha uchafu kuliko zilizokolea sana au kupauka sana.

Kisha fikiria jua. Zege jeusi hufyonza joto, na ifikapo saa nane mchana mtoto hawezi kulikanyaga pekupeku. Jeupe nalo hurudisha mwanga ukaumiza macho ya aliyekaa barazani. Pale linapoegeshwa gari, weka kijivu kilichokoza au nyeusi, maana matone ya oili hayakosekani. Hakuna sheria kwamba uwanja mzima uwe wa rangi moja. Ndani ya nyumba, ukumbi usio na dirisha utie rangi nyepesi. Nyekundu tuliyoizoea kwenye nyumba za zamani inapendeza, ila huongeza giza mahali penye giza.

Rangi gani inunuliwe? Omba rangi ya unga ya oksaidi ya chuma, yaani unga wa jamii moja na kutu. Haipauki kwa jua wala haiharibiwi na ukali wa saruji. Inapatikana nyekundu, njano, nyeusi na kahawia, na maduka ya vifaa vya ujenzi huwa nayo. Kwa Dar es Salaam, pita Kariakoo ulinganishe bei. Hizo nne ndizo nafuu. Kijani cha kudumu hugharimu zaidi, na bluu ya kudumu, inayotokana na madini ya kobalti, ni ghali kuliko zote. Ukiuziwa bluu kwa bei ya nyekundu, shuku: huenda ni rangi ya aina nyingine itakayofifia. Nyeusi ya masizi pia iepuke nje, kwa sababu mvua huichukua kidogo kidogo.

Kipimo hufuata uzito wa saruji. Kilo mbili na nusu kwa mfuko wa kilo 50, yaani asilimia 5, hutoa rangi iliyokolea. Ukizidisha hapo unaongeza gharama tu bila rangi kuongezeka sana, na ukipita kilo tano kwa mfuko unadhoofisha zege. Tuseme baraza lako lina mita za mraba 20. Ukitia rangi kwenye tabaka la juu la sentimita moja tu, kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga tatu, utahitaji takriban mifuko miwili ya saruji na kilo tano za rangi. Ukitia rangi kwenye unene wote, tuseme sentimita nne, gharama ya rangi inakuwa mara nne, na macho hayataona tofauti. Mwambie fundi amwage tabaka la rangi siku ileile, zege la chini likiwa halijakauka, ili vishikane.

Saruji ya kawaida ya kijivu huzima rangi nyepesi. Nyekundu, kahawia na nyeusi zinaivumilia. Ukitaka njano safi au rangi ya krimu, itakubidi ununue saruji nyeupe, ambayo bei yake iko juu sana.

Sasa hatua ambayo watu wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke: kibao cha majaribio. Mwambie fundi amwage vipande vitatu vya sentimita 30 kwa 30, vyenye rangi ya asilimia 2, 3 na 5, kwa saruji ileile na mchanga uleule utakaotumika. Andika kipimo nyuma ya kila kimoja. Vimwagilie siku saba, kisha viache vikauke kabisa, hata wiki tatu, kwa sababu zege bichi lina rangi nzito kuliko litakavyokuwa. Viweke chini, vitazame asubuhi, mchana na jioni; vimwagie maji uone rangi ya siku ya mvua, umalize kwa kuvipaka udongo wa uwanjani. Gharama yake ni saruji kidogo na subira.

Siku ya kazi, rangi ipimwe kwa mizani, siyo kwa kopo. Ichanganywe na saruji kavu mpaka mistari ipotee, ndipo maji yafuate. Maji yawe sawa kila karai, kwani yakizidi rangi hupauka, na sakafu hutoka na mabaka.

Kwa vitofali vya uwanjani, ambavyo Kenya huitwa kabro, vunja kimoja kiwandani. Vingine vina rangi juu tu. Tabaka hilo likiwa nene milimita sita au zaidi, na limeshikana vizuri na chini, halina ubaya. Unene wa milimita 60 unatosha kwa miguu na gari dogo. Lori linataka 80. Wakati wa kupanga, chukua kutoka mirundo kadhaa kwa pamoja, maana kila mrundo hutofautiana kidogo.

Miezi ya mwanzo huenda ukaona unga mweupe juu ya rangi. Hiyo ni chokaa ya ndani ya saruji iliyotoka na maji. Sugua kwa brashi kavu, uache mvua na muda vifanye kazi. Usikimbilie asidi, itakula saruji ya juu pamoja na rangi yako.

Mwisho, agiza vitofali vya akiba, viwili hadi vitano kwa kila mia, uvihifadhi. Kikipasuka kimoja mwaka ujao, kiwanda hakitakupa tena rangi ileile.