SOMO: KUMTULIZA MTOTO MWENYE HOFU



Hofu ya mtoto aliyekimbia vita haiishi siku anapofika mahali pa usalama. Hushtuka akisikia kishindo, hulia usiku, hukojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha, hukataa kuachana na mama yake. Hiyo si tabia mbaya wala si pepo. Mwili wake bado unangoja hatari.

Hipnosi ni nini?

Wengine wamesikia kwamba kuna madaktari wanaotuliza wagonjwa kwa njia iitwayo hipnosi, nao wanaiogopa kama uchawi. Daktari James Braid, Mskoti aliyefanya kazi Manchester, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1843. Jina latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi, lakini mtu halali. Anasikia, anaweza kukataa, anaweza kuacha. Hufanana na mtoto aliyezama katika hadithi ya bibi mpaka hasikii akiitwa. Mtaalamu hutumia hali hiyo kumwongoza kwa maneno ya upole. Katika baadhi ya hospitali hutumika kupunguza maumivu na hofu ya watoto wanaochomwa sindano.

Hipnosi yenyewe ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Asiye na mafunzo asiijaribu. Lakini mambo matatu yaliyomo ndani yake, mzazi anaweza kuyatumia: sauti ya mtu ambaye mtoto anamwamini, pumzi ya taratibu, na picha njema akilini.

Namna ya kufanya

1. Jitulize wewe kwanza. Mtoto husoma uso wako kabla ya kusikia maneno yako.

2. Chagua saa tulivu, kwa mfano kabla ya kulala. Dakika tano hadi kumi zatosha. Muulize kama anataka. Akikataa, mwache.

3. Akae au alale anavyopenda. Usimlazimishe kufumba macho. Mtoto aliyeona vita huweza kuogopa giza hilo. Atazame mkono wake au mwanga wa taa.

4. Aweke mkono juu ya tumbo. Avute pumzi kwa pua kama anayenusa ua, kisha aitoe polepole kwa mdomo kama anayepoza uji wa moto. Arudie mara tano. Ukitoa pumzi polepole, mwili nao hutulia.

5. Mwambie achague mahali pazuri akilini mwake. Achague yeye, si wewe. Akitaja nyumba iliyochomwa au mtu aliyekufa, huzuni inaweza kumjia. Msikilize, kisha msaidie kutafuta mahali pengine, pengine kando ya ziwa asubuhi, au mahali pa kubuni. Muulize polepole: Unaona nini? Unasikia nini? Upepo ukoje?

6. Mrudishe. Akanyage chini kwa miguu yote miwili, ataje vitu vitatu anavyoviona, anywe maji.

Fanyeni hivi siku ambazo mtoto hana hofu kubwa, ili azoee. Na kama hatari ipo kweli, kwanza mpeleke mahali salama. Mazoezi haya hayazuii risasi.

Mambo ya kuepuka

Usimlazimishe asimulie aliyoyaona. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize bila kumkatiza. Usimwahidi kwamba vita havitarudi, sema, "Sasa hivi tuko pamoja." Usimtulize kwa kumwambia kwamba watu wa kabila fulani wako mbali. Maneno hayo hufundisha chuki, na mtoto atakua nayo.

Kamwe usimwite mchawi mtoto anayepiga kelele usiku. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria inaadhibu jambo hilo.

Wakati wa kutafuta msaada

Mpeleke kituo cha afya mtoto asiyekula, asiyesema, anayetaka kujiumiza au anayesema anataka kufa. Hata kwa dalili nyingine, kama hofu haipungui baada ya wiki kadhaa, mpeleke. Akianguka na kutetemeka mwili mzima, mpeleke pia, maana huenda ni kifafa.

Kazi ya viongozi

Kiongozi asitangaze uvumi wa mashambulizi mbele ya watoto. Atenge mahali na saa ya kucheza, kwa watoto wa makabila yote pamoja. Ahimize masomo yaanze mapema hata chini ya mti, kwa sababu ratiba ya kila siku hutuliza. Mtu akija na kudai anaponya watoto kwa hipnosi, amuulize amefundishwa wapi na nani anasimamia kazi yake. Asiruhusiwe kubaki faraghani na mtoto bila mzazi kujua na kukubali. Siri za mtoto zisitangazwe mkutanoni.

Maswali ya kujadiliana

– Watoto wetu wanaonyesha hofu kwa njia gani?
– Tunasema nini kuhusu jirani zetu mbele ya watoto?
– Ni nani kati yetu ambaye watoto humwamini, na tumsaidieje?
– Mzazi asiyelala kwa hofu atatulizwa na nani?