Kuku Dume, Herufi Tano: Namna ya Kutafuta Msaada wa Chemshabongo

Kidokezo kinasema "kuku dume", visanduku ni vitano, na mkono unakwenda wenyewe kuandika JOGOO. Subiri kwanza. JIMBI naye ni kuku dume, naye ana herufi tano, naye anaanza na J. Ukishaandika jogoo kwa kalamu ya wino, pembe nzima ya fumbo imeharibika, na utahangaika kutafuta msaada wa maneno ya jirani ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Msaada wa kwanza umo mle mle kwenye fumbo. Tuseme kisanduku cha pili cha neno hilo la mlalo kinapitiwa na neno la wima lenye kidokezo "makao ya ndege, wingi", herufi tano. Hayo ni VIOTA, na herufi yake ya pili ni I. Jogoo keshaondoka. Kisanduku cha nne nacho kinaanzisha neno la wima la herufi nne, "ndege afugwaye, hupenda maji": BATA. Sasa jimbi amekaa na hatoki. Wanaodai kuwa chemshabongo ya leo ni ngumu, wengi wao wamesoma vidokezo vya mlalo kutoka juu hadi chini, wakachoka, wala hawajagusa vya wima.

Kabla ya kumuuliza mtu, iulize sarufi. Kiswahili kinamhurumia mjazaji kuliko lugha nyingi, kwa kuwa karibu kila neno linaishia na irabu. Kisanduku cha mwisho, hata kabla hujajua neno, kina wagombea watano tu. Kidokezo kikianza na "anaye-", kama "anayevua samaki", jibu huenda likaanza na M: MVUVI. Kikianza na "hali ya" au "tabia ya", weka U kwa penseli, lakini kumbuka U hiyo hugeuka W mbele ya irabu: kitendo cha kuiba ni WIZI, na sifa ya mwerevu ni WEREVU. Kikitaja wingi, angalia kama jibu ni la VI-, la MA- au la NY-, kama nyufa.

Vitenzi vinahitaji jicho zaidi. Kidokezo "lia kama mbwa" kinataka BWEKA, lakini "kulia kwa mbwa" huenda kikataka KUBWEKA; hesabu visanduku ndipo uamue. Kama kitendo kinafanywa kwa ajili ya mtu, tazama irabu ya mzizi: E na O hufuatwa na E, ndiyo maana tuna SOMEA, na nyingine hufuatwa na I, kama PIKIA. Usiharakishe kuweka A mwishoni mwa kila kitenzi. Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, kama SALI, JIBU na SAMEHE, hayafuati mkondo huo.

Yapo pia maneno mafupi ambayo watunzi huyapenda kwa sababu yanaziba mapengo ambayo neno refu haliwezi kuingia. INI, NTA, UTA, UDI, ARI, ADA, UFA, UJI, AYA. Yaandike nyuma ya daftari kila unapokutana nayo. Na usisahau vitenzi vya silabi moja: "kata roho", herufi mbili, ni FA.

Baada ya hapo ndipo kamusi. Kamusi ina tabia moja inayowakera wajazaji: inakupeleka kutoka neno hadi maana, ilhali wewe una maana na unatafuta neno. Kwa hiyo isipokuwa umeshapata herufi ya kwanza, na ikiwezekana ya pili, utafunua kurasa bure. Ukiwa na J na I, hapo kazi ni ya dakika chache. Njia nyingine ni kutafuta neno unalolijua lenye maana ya kidokezo na kusoma visawe vyake: fungua "jogoo" uone kama wametaja jina jingine. Kumbuka majina hupangwa kwa umoja, kwa hiyo viota utavikuta kwenye K na nyufa kwenye U. Vitenzi hupangwa bila KU-. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inatosha kwa mafumbo mengi. Fumbo likiwa na maneno ya Unguja na Pemba, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, hutoa yale ambayo nyingine zimeyapita haraka. Nakala ya zamani ya mitumba si mbaya. Watunzi hupenda maneno ya zamani.

Lakini kuna maneno ambayo mtu huyatoa upesi kuliko kitabu, na hapa wengi hukosea namna ya kuuliza. Kusema "nisaidie namba kumi na mbili" si kuuliza. Mwenzako hana gazeti mkononi. Taja kidokezo kama kilivyoandikwa, idadi ya herufi, na herufi ulizo nazo pamoja na mahali pake. Barazani, kahawa ikiwa mkononi, inakwenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekwama wapi?"

"Kuku dume, herufi tano. Ya pili ni I."

"Jimbi huyo. Nyinyi wa bara mnajua jogoo tu."

Mzee ana haki ya kutania, maana mtu aliyekulia mbali na pwani huenda akalijua jimbi kwa maana ya kile kiazi cha kuchemsha tu. Ndiyo faida ya kuwa na wasaidizi wa sehemu mbalimbali. Mashine hiyo hiyo moja ni KOMPYUTA, herufi nane, kwa Mtanzania, lakini fumbo lililotungwa Nairobi huenda likataka TARAKILISHI, herufi kumi na moja. Runinga na luninga zinatofautiana herufi ya kwanza tu, na zote mbili zinaandikwa. Kundi la WhatsApp lenye mtu wa Mombasa, wa Morogoro na wa Unguja ni hazina kwa kazi hii, ila piga picha ya fumbo zima badala ya kutuma kidokezo kimoja. Na uwaombe wasikumalizie lote. Jamaa akipewa picha, huona raha kujaza kila kitu, nawe unabaki huna cha kufanya na chai yako.

Fumbo la Kiingereza linahitaji msaada wa namna nyingine, na ni vizuri kujua kwanza uko mbele ya ukoo upi. Mchezo huu ulianzia New York: Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Marekani ulibaki kuwa mchezo wa maarifa, na vidokezo vyake vimejaa wachezaji wa besiboli, waigizaji na vyakula vya madukani. Biskuti za Oreo hujitokeza mno kwa sababu zina irabu tatu katika herufi nne. Usione haya kutafuta vitu hivyo kwenye intaneti. Hakuna akili inayoweza kuvikisia kutoka Dodoma. Wamarekani wenyewe waliomba msaada tangu mwanzo: miaka ya 1920 kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio iliweka kamusi ndani ya treni kwa ajili ya abiria wajazaji, na baadaye New York Times likawa na namba ya simu ya kulipia, ambapo msomaji alipewa majibu ya vidokezo vitatu. Ukitaka kujifunza kwa gazeti hilo, anza na la Jumatatu, ambalo ndilo jepesi. Ugumu hupanda hadi Jumamosi.

Waingereza wao waliligeuza kuwa fumbo la kificho, na hapo kusaka maana ya kidokezo kizima hakukufikishi popote. Maana halisi huwa mwanzoni au mwishoni, na sehemu iliyobaki ni hila ya herufi. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Tema ikikorogwa hutoka kinywani", herufi nne. Neno "ikikorogwa" linakuambia upange upya herufi za TEMA, nazo zinatoa MATE. Ukiona neno linalodokeza kuchanganya, kuvunja au kulewa, hesabu herufi za maneno ya jirani. Zikilingana na visanduku, umeshika ncha ya uzi.

Tovuti za kutafutia maneno hukuruhusu kuandika herufi ulizonazo na alama ya kuuliza kwenye kila pengo, na kwa Kiingereza zinafanya kazi vizuri. Programu za mazungumzo za akili mnemba nazo husaidia kwa visawe, lakini kuhesabu herufi si kipaji chake. Huenda zikakupa neno la herufi sita kwa uhakika kabisa wakati uliomba tano. Hesabu mwenyewe, ukikumbuka kuwa CH, SH na NY kwa kawaida huchukua visanduku viwili, na ile alama ya ritifaa katika NG'OMBE haipewi kisanduku.

Fumbo likiwa na zawadi, soma masharti na siku ya mwisho kabla ya kukata kuponi. Mtu akikupigia simu kukwambia umeshinda na kwamba utume kwanza "ada ya usajili", au akiomba namba yako ya siri, kata simu na upige gazetini kwa namba iliyochapishwa ndani ya gazeti lenyewe.

Na ikiwa kila njia imegonga mwamba, linganisha namba. Si mara moja visanduku vya leo vimechapishwa na vidokezo vya jana. Majibu ya kesho yatakuonyesha. Mwandikie mhariri ukitaja tarehe, ukurasa na namba ya fumbo.