Kifuniko cha Rejeta na Dhamana ya Fundi

Mbarara iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 95 tu. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Fundi akifunga kifuniko kisichobana, teksi ya Nakivale itachemka njiani imejaa abiria.

Nani atalipa injini? Hadithi aliyoipokea Abu Daud inamtia dhamanani anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu. Kwa kiyasi, naona fundi asiyejua kazi naye atalipa. Anayeijua, akafunga sawasawa, kisha kifuniko kikaharibika chenyewe, halipi. Basi tujifunze kabla ya kushika spana. Roho za abiria ni amana.