Fundi wa Baisikeli: Kutoka Kupenda hata Kulipwa

Karibu kila kijiji kina kijana apendaye kutengeneza baisikeli. Alianza kwa kuifungua yake mwenyewe, akaifunga tena, ikaenda. Majirani wakamletea zao, naye akazitengeneza kwa furaha, akalipwa neno la asante. Mwisho akasema moyoni, “Kazi hii yaweza kunilisha.” Akanunua vyombo kwa akiba yake, akajenga kibanda. Lakini vibanda vingine hudumu, na vingine hufungwa kabla ya mwaka kwisha, na ile akiba ikapotea. Tofauti ni nini? Si upendo, kwa maana wote waliipenda kazi. Basi tutazame kwanza habari za ndugu wawili, kisha tujifunze mambo matatu.

1. Habari za Wilbur na Orville Wright

Watu wengi wawajua ndugu hawa kwa habari ya eropleni. Lakini chakula chao kilitoka katika baisikeli. Walikaa Dayton, katika jimbo la Ohio, huko Marekani, na baba yao alikuwa askofu. Tangu mwaka wa 1889 walifanya kazi ya kupiga chapa. Mwaka wa 1892 kila mmoja alijinunulia baisikeli: Orville alinunua mpya kwa dola 160, na Wilbur alinunua iliyokwisha kutumika kwa dola 80. Kwa kuwa mikono yao ilikuwa hodari, rafiki zao wakaanza kuwaletea baisikeli zilizoharibika. Hawakuliona jambo hili kuwa usumbufu, bali walitambua ya kuwa hapa pana haja ya watu. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wakafungua duka la kuuza na kutengeneza baisikeli.

Mwaka wa 1896 wakaanza kuunda baisikeli zao wenyewe, wakaziita Van Cleve na St. Clair. Mashine za karakana yao ziliendeshwa na injini ya gesi waliyoiunda kwa mikono yao. Tena walijua majira ya kazi: wakati wa joto wateja walikuwa wengi, wakati wa baridi wachache, miezi ile ya baridi waliitumia kuunda baisikeli mpya. Mwaka wa 1901 walimwajiri fundi, Charles Taylor, kwa dola 18 kila juma, naye aliangalia karakana walipokuwa safarini kufanya majaribio yao. Gharama ya majaribio hayo ililipwa kwa faida ya baisikeli. Na eropleni iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilizungusha mapanga yake kwa minyororo, kama vile gurudumu la baisikeli lizungushwavyo.

Hivi twaona ya kuwa upendo ulifungua mlango tu. Kilichowaweka ndani ni bidii yenye utaratibu.

2. Fundi hutafuta chanzo

Mwenye kupenda tu huondoa lile aonalo; fundi huuliza limetoka wapi. Mpira wa ndani ukitoboka, kubandika kiraka ni kazi ya nusu. Yapasa kupitisha vidole taratibu ndani ya tairi na kuutafuta mwiba. Usipotolewa, mteja atarudi kesho yake kwa hasira, naye atasema kwamba kiraka ni kibovu. Vivyo hivyo mnyororo ukiruka meno, usikaze gurudumu tu. Upime: viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya nane, mnyororo umekwisha, nao utayala meno yote ya magurudumu. Tena pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia. Asiyejua hili huikaza akidhani anaifungua, akaharibu mali ya mtu.

3. Fundi huhesabu

Hapa ndipo wengi waangukapo. Kwa mfano, kijana amenunua tairi kwa shilingi 12,000, amelipa nauli 1,000 kwenda kuileta, akamtoza mteja 14,000. Adhani amepata 2,000, lakini amepata 1,000 tu kwa kazi yake, na katika hiyo yatoka gundi, grisi na kodi ya kibanda. Basi na awe na daftari, aandike kila siku fedha iliyoingia, iliyotoka, na madeni ya watu. Fedha ya vipuri aitenge, asiile. Ikiliwa, kesho hana cha kuuza. Bei aiseme kabla ya kushika spana, ili pasiwe na ugomvi baadaye. Ndugu na rafiki nao waambiwe bei kwa upole. Akitaka kumsaidia maskini bure, ni vema. Lakini na ajue ya kuwa ametoa sadaka, aiandike daftarini, asiite hasara.

4. Fundi hutunza ahadi

Baisikeli ya mteja si chombo cha kuchezea. Mmoja huchukulia maziwa kupeleka sokoni, mwingine huendea shuleni kufundisha, mwingine humpakia mgonjwa. Ukisema, “Njoo Ijumaa,” naye akaja akaikuta imefunguliwa vipande, umemnyima mapato yake. Apendaye hufanya kazi siku moyo utakapo. Alipwaye hufanya siku mwenye mali anapohitaji. Kwa hiyo usiahidi siku usiyoiweza, wala usiazime baisikeli ya mtu kwenda matembezini, kwa maana ni amana. Na kabla ya kuirudisha, ijaribu breki mwenyewe: uhai wa mtu umo ndani yake.

Basi, ewe kijana unayetaka kuanza, usiache shamba lako siku ya kwanza. Tengeneza jioni na Jumamosi kwa miezi sita, huku ukiandika daftari. Daftari litakuambia kweli kama kazi hii yaweza kukulisha, nawe hutakuwa umepoteza akiba yako.

Maswali

1. Ndugu Wright walitambuaje ya kuwa kuna haja ya watu?
2. Kwa nini kiraka peke yake hakitoshi?
3. Taja gharama zote zinazopasa kuhesabiwa katika kuuza tairi moja.
4. Katika usharika wako yuko nani awezaye kumfundisha kijana kutunza daftari?