Somo la Kikundi: Kishikwambi Kisifie Kabatini

Leo tujifunze kutunza mali yenu iliyo shuleni. Ndiyo, yenu, maana shule ya umma ni ya wananchi.

Mnakumbuka mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta za mkononi. Ahadi ikachelewa, ikabadilika, na kuanzia 2016 shule za msingi za umma nchini Kenya zikaanza kupata vishikwambi, yaani tableti, pamoja na kompyuta mbili za walimu, projekta na kisanduku cha masomo. Kisanduku hicho wengi hawakijui kazi yake. Kiliundwa ili kishikwambi kichukue masomo hapo hapo darasani bila intaneti. Basi mtu akisema, “Mtandao wa huku kisiwani ni dhaifu,” mwulizeni kisanduku kiko wapi.

Watu huogopa mtoto atakiangusha kishikwambi, wakakifungia. Kumbe hata huko kabatini chaweza kufa bila kuguswa na mtu! Betri yake hupoteza moto kidogo kidogo hata kikiwa kimezimwa. Ikilala tupu miezi mingi huharibika, na ukiitia chaji haipokei tena. Fikirini mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi na watoto wengi wasirudi hadi Januari 2021. Dawa yake si ngumu: kabla ya likizo kiachwe na chaji kama nusu, na kikiendelea kukaa kichajiwe tena kila baada ya miezi miwili hivi.

Halafu kuna chumvi. Mwaona hewa ya bahari inavyokula mabati na bawaba. Tundu la chaji nalo halisalimiki. Kipanguswe kwa kitambaa kikavu, kiwekwe katika chombo chenye mfuniko wa kubana, mbali na joto. Kumfuata fundi hadi Amu ni nauli ya boti.

Mwalimu naye tusimlaumu upesi. Kimoja kikipotea, yeye ndiye anayeulizwa. Nani hangefunga kufuli?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka bodi ya shule iwe na wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi. Mkikutana, jadilianeni: hao sita mnawajua? Vishikwambi vilifika vingapi, na vingapi bado vinawaka? Ufunguo u kwa nani? Na likizo ijayo, nani katika kikundi atasaidiana na mwalimu kuvichaji?