Madaraja ya Sarafu: Funzo kutoka Sekenke na Tabora

Sarafu huanza kuchakaa mara itokapo kiwandani. Hugongana na nyenzake, husuguliwa na vidole, hupata jasho na vumbi, na polepole sehemu zake zilizoinuka huwa bapa. Wakusanyaji wa sarafu za kale huuchunguza uchakavu huo na kuipa kila sarafu daraja lake. Kwa kuwa bei hutegemea sana daraja, kanuni za kulipanga zinamhusu mnunuzi, muuzaji, na hata mkulima aliyeokota sarafu shambani.

Asili ya kipimo

Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha namba 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Alikusudia kuwa sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya daraja la 1. Soko halikuifuata hesabu hiyo, lakini namba zilidumu. Sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu huwekwa kati ya 60 na 70.

Tangu katikati ya miaka ya 1980 yamekuwapo makampuni nchini Marekani yanayotoa daraja kwa malipo na kuifunga sarafu katika kasha la plastiki. Faida yake ni kwamba mnunuzi aliye mbali hupata maoni ya mtu asiyeuza wala kununua. Hasara yake ni kwamba tofauti ya namba moja yaweza kupandisha bei sana, ilhali wataalamu wawili huweza kutofautiana juu ya sarafu ile ile. Tena wapo wanaonunua namba iliyoandikwa juu ya kasha pasipo kujifunza kuitazama sarafu yenyewe.

Sarafu zisizokubali kanuni kwa urahisi

Uwanda wa juu wa kati wa Tanzania una mfano mzuri wa jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliifunga bahari, na serikali ya Kijerumani ikapungukiwa na sarafu. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora, katika Reli ya Kati iliyokwisha kupita Dodoma, iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Humo ziligongwa heller 20 za shaba, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15, zipatazo 16,000, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, katika Mkoa wa Singida wa leo. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora.

Mihuri ya chuma iliyogongea heller hizo ilichongwa kwa mkono, na mitambo haikuwa ya kazi hiyo. Kwa hiyo heller nyingi zilitoka na picha hafifu tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo kanuni hujaribiwa: mtazamaji mwenye haraka huona picha iliyofifia akadhani ni uchakavu, akaishusha daraja sarafu ambayo huenda haikutumika kabisa.

Dalili za kutofautisha zipo. Uchakavu huanza kwenye sehemu za juu kabisa na kuziacha laini. Pigo hafifu huacha mikwaruzo ya asili ya kipande cha madini kabla ya kugongwa, na alama huweza kukosekana upande mmoja tu.

Daraja si ushahidi wa uhalali

Daraja hueleza hali ya sarafu. Halithibitishi madini yake. Rupia 15 ya Tabora ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Mchanganyiko wa namna hiyo una densiti ya kati ya 15 na 16 hivi. Shaba ya manjano haifiki 9. Ikitundikwa kwa uzi ndani ya maji, sarafu halisi itaonekana kupungua chini ya nusu gramu, lakini ya shaba yenye uzito ule ule itapungua zaidi ya gramu 0.8. Kipimo hiki hakiidhuru sarafu.

Kinachoidhuru ni kuisugua kwa mchanga, majivu au ndimu ili ing'ae. Hapo hutoka ngozi nyembamba ya oksidi pamoja na sehemu ya madini, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Sarafu iliyolala ardhini miaka mia huweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa dakika tano za usafi.

Zoezi

1. Kusanyeni sarafu kumi za shilingi 200. Bila kusoma mwaka, kila mwanafunzi azipange kwa uchakavu, kisha linganisheni orodha zenu. Mmehitilafiana wapi?
2. Je, sarafu za miaka ya zamani ndizo zilizochakaa zaidi? Elezeni sababu.
3. Andikeni kanuni tatu ambazo zingepunguza hitilafu zenu.